Mwanangu kapangiwa mwanasaikolojia mwanafunzi. Nikubali au nisubiri mkubwa?

Mama_Kimanga:

Habarini wanajamvi. Naombeni ushauri, kejeli wekeni pembeni leo.

Nina mtoto wa kiume, miaka 8, darasa la tatu. Baba yake alikwenda Geita kutafuta maisha mwezi wa nane mwaka jana. Mwanzo simu kila siku, ikawa kila wiki, sasa hivi tunahesabu miezi. Mimi na yeye tumeshaachana, hilo nimelimeza. Mtoto ndiye hajalimeza. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani tangu ana miaka minne, Januari hii akaanza upya. Na shuleni hasemi. Mwalimu wake anasema kuandika anaandika, hesabu anapata, ila akiulizwa kwa mdomo anaangalia dawati mpaka kipindi kinaisha.

Nilikuwa namfokea, siwafichi. Tumepanga hapa Tabata Kimanga, vyumba sita uwanja mmoja, godoro likianikwa kila mtu anajua ni la nani. Siku moja nikashtuka saa kumi alfajiri nakuta amewasha tochi ya simu yangu, kageuza godoro peke yake, na pale palipolowa amemwagia poda yangu karibu kopo zima, anaipapasa kwa kiganja isambae. Hakujua kama nimeamka. Nikajifunika shuka mpaka kichwani nikajifanya nimelala. Tangu siku hiyo sijamfokea tena.

Zahanati wakatupa rufaa kwenda hospitali moja ya serikali, kitengo cha watoto na familia. Tumesubiri wiki tano. Juzi tunafika, dada wa mapokezi anatangaza foleni nzima isikie: "Mama wa mtoto anayekojoa, umepangiwa mwanafunzi, chumba namba tatu!" Mtoto yuko pembeni yangu kashika begi lake. Nilitamani sakafu ipasuke.

Huyo mwanafunzi ni binti mdogo, kwa macho yangu hajafika miaka 27, kitambulisho kinaning'inia shingoni kimeandikwa MWANAFUNZI. Kajieleza vizuri, anasoma shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, yuko fildi chini ya msimamizi. Kanipa fomu ya ridhaa, ndani kuna kipengele cha kurekodi sauti kwenye vikao. Sijasaini. Nimesema nitarudi Ijumaa.

Nimepiga simu kwa mtaalamu binafsi, elfu 80 kwa saa. Mimi fundi cherehani, mwezi mbaya sioni hela hiyo hata kwa wiki mbili. Na mkubwa wa pale pale hospitali wanasema nafasi mwezi wa tisa. Niambieni, nikubali huyu mtoto wa watu ajifunzie kwa mtoto wangu?

Kiboko_wa_Reli:

Usikubali. Wewe mwenyewe umesema ni fundi. Mwanafunzi wako unampa kitambaa cha mteja au unampa gazeti akate kwanza? Mtoto si gazeti.

Mama_Kimanga:

@Kiboko_wa_Reli ndicho kinachonikosesha usingizi hicho. Ila na mimi mkasi wa kwanza kwenye kitambaa cha mteja nilishika bosi wangu kasimama nyuma. Sasa sijui huyu nyuma yake kasimama nani.

Mtulivu_Kahama:

Mimi nilikatwa kidole tumbo na daktari anayejifunza, bingwa yuko pembeni anamwelekeza. Nipo, nakula ugali.

Kiboko_wa_Reli:

Tumbo linaonekana mkuu. Akikosea kwenye akili utajua lini?

Upepo_wa_Meru:

Pole dada yangu. Mimi yamenikuta, nakueleza bila kukutisha.

Binti yangu alikuwa na miaka 10, baada ya msiba wa bibi yake aliyemlea. Tukapewa kijana anayejifunza, mpole, anajua watoto. Kazi yake sina kasoro nayo. Ndani ya miezi miwili mtoto alikuwa anakula, anacheza rede na wenzake. Tatizo ni kwamba Jumatatu moja tumefika tumevaa, mtoto kamchorea picha, tunaambiwa yule kamaliza fildi tangu Ijumaa iliyopita, karudi chuo. Hakuna aliyetuaga. Hakuna aliyetuambia kama kulikuwa na mwisho. Mtoto akaikunja ile picha vipande vinne akaiingiza kwenye soksi. Kwa wiki tatu nilimwona anahesabu kwa vidole watu walioondoka: bibi, kaka wa hospitali.

Kwa hiyo mimi siulizi anajua au hajui. Uliza anaondoka lini. Wewe mtoto wako tayari ana mmoja aliyeondoka kidogo kidogo.

Mama_Kimanga:

Dada umenichoma. Hilo la kuondoka halikunijia kabisa akilini.

Daftari_la_Kijani:

Mama Kimanga, miaka sita iliyopita mimi nilikuwa huyo binti mwenye kitambulisho shingoni, kwa hiyo nisome ukijua naegemea wapi. Sasa nimeajiriwa, nimeshasimamia wanafunzi wawili.

Mwanafunzi wa uzamili hapangiwi mgonjwa kama anavyopangiwa dawati. Msimamizi anasoma rufaa kwanza, anaangalia kama ni kesi ambayo mwanafunzi ataiweza. Mtoto anayetaka kujidhuru, au mwenye dalili za kuumizwa na mtu, hapelekwi kwake, na ikigundulika katikati ya kikao anatoka mlangoni siku hiyo hiyo kumwita mkubwa. Wewe ulivyoeleza, mtoto anayekojoa upya na kunyamaza shuleni baada ya baba kutoweka, ni kesi ambayo mimi ningempa mwanafunzi wangu, ila mwanafunzi makini.

Kila wiki anakaa na msimamizi, wanapitia familia moja moja. Hapo ndipo sauti inayorekodiwa inapofanya kazi. Watu wanadhani ni ya kumchunguza mzazi. Ni ya kumkamata mwanafunzi! Mimi nilikuwa naogopa ukimya kama nini. Mtoto akinyamaza sekunde tano nimeshaweka swali. Msimamizi wangu alinisikilizisha kikao changu mwenyewe, akasimamisha, akaniambia: "Dakika ya 14. Hapa alikuwa amevuta pumzi aseme. Umemkatiza." Nikaandika kwenye daftari langu la kijani DAKIKA YA 14, na mpaka leo nikitaka kuropoka kwenye kikao nalikumbuka lile daftari. Bila kinasa sauti nisingejua, na yule mtoto asingeweza kunishtaki.

Ila kurekodi ni hiari. Ukikataa kipengele hicho huduma inaendelea, na ukikubali leo unaweza kukataa kesho. Uliza sauti inatunzwa wapi, nani anaisikiliza na inafutwa lini. Akibabaika kujibu, mwambie amwite msimamizi ajibu yeye. Na hata usipokubali kurekodiwa, jua kwamba msimamizi atajua habari zenu zote, ndiyo maana halisi ya kusimamiwa. Chuoni akizielezea anaficha jina, shule na mtaa.

Jingine ambalo lazima akuambie kikao cha kwanza ni mipaka ya siri. Mtoto akisema anapigwa kupita kiasi au kuna mtu anamshika vibaya, hiyo haifichwi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe kwenye serikali ya mtaa, akitoka hapo ni ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto polisi. Mwanafunzi asiyekutajia hili mwanzoni, mimi ningemtilia shaka kuliko asiyejua majina ya nadharia.

Halafu jambo la kawaida kabisa: mtoto aliyekuwa mkavu zaidi ya miezi sita akaanza tena kukojoa, kabla ya saikolojia anapimwa mkojo. Maambukizi, sukari, hata choo kigumu kinachobana kibofu. Kama hajakuuliza kuhusu choo na kiu ya maji, muulize wewe.

Alichosema Upepo wa Meru ndicho kikubwa. Tukiwa wanafunzi tuna familia tano wakati mkubwa ana zaidi ya ishirini, tunakesha tunasoma kwa ajili ya mtoto mmoja, huo ndio uzuri wetu. Ubaya wetu ni kwamba tuna tarehe ya kuondoka ambayo haimsubiri mtoto apone. Mwulize tarehe hiyo, na faili linabaki kwa nani.

Kiboko_wa_Reli:

Nimesoma yote. Elfu 80 kwa saa bado ni wizi.

Bi_Kibokoni:

Hujambo mamangu. Mimi niko Mombasa. Huku kwetu Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ndiyo iliyounda bodi ya kuwasajili, basi mtu akija na mwanafunzi sisi twauliza: huyo mkubwa wako amesajiliwa? Twataka tumwone uso. Mjukuu wangu alihudumiwa na msichana wa chuo, na kikao cha kwanza mwalimu wake aliingia akakaa robo saa, akatoka. Hiyo robo saa ndiyo iliyonituliza roho. Waweza kuomba vivyo hivyo.

Abuu_Swabra:

Na dua pia dada, msisahau. Mtoto asomewe.

Mama_Kimanga:

Amesomewa, tena mara mbili. Sijaacha. Ila ustadhi mwenyewe ndiye aliyeniambia nimpeleke na hospitali.

---

Mama_Kimanga (baada ya siku nne):

Nimerudi na mrejesho wa kwanza.

Nilikwenda Ijumaa. Nikamwuliza maswali yenu yote nimeyaandika nyuma ya risiti ya vitambaa. Kwanza la kuondoka. Nilitegemea azungushe. Akafungua shajara yake akahesabu kwa kalamu mbele yangu: "Vikao 12, mama. Namaliza wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa. Nikitoka, faili linarudi kwa msimamizi wangu, anaweza kuendelea naye au akampa mwenzangu." Mwezi wa tisa! Yaani ndio mwezi niliokuwa nimeambiwa niusubiri nianze kwa mkubwa.

Nikasema namtaka huyo mkubwa nimwone uso, kama alivyonifundisha Bi Kibokoni. Akaja. Mzee wa makamo, sweta begani joto lote hili, kakaa kwenye kiti cha watoto magoti yakamfika kifuani. Kaniuliza mambo mawili tu kisha akaniambia kila Jumatano mchana wanakaa na huyu binti kumzungumzia mwanangu. Kurekodi nimekubali kwa vikao vya mtoto, vya kwangu nimekataa. Hakununa mtu.

Mkojo amepimwa, uko safi. Mimi na mwalimu wa darasa tumepewa kila mmoja dodoso lake la maswali 25, unachagua si kweli, kweli kiasi, au kweli kabisa. Pale kwenye "ana angalau rafiki mmoja mzuri" nilishika kalamu muda mrefu.

Upepo_wa_Meru:

Umefanya vizuri. Tunasubiri.

---

Mama_Kimanga (baada ya miezi mitatu):

Wanajamvi, najua uzi ulishalala, nauamsha. Wengine mmenifuata inbox mnauliza, nikaona niweke hapa mara moja.

Niseme na mabaya. Kikao cha tatu mtoto alikuwa ameanza kuzoea, binti akamwuliza moja kwa moja: "Unamkumbuka baba?" Mtoto akaingia chini ya meza. Dakika zote zilizobaki alikuwa chini ya meza. Binti akatoka nje uso umelowa jasho, akaniita pembeni: "Mama, leo nimekosea. Nimemwahisha. Nitakaa na msimamizi wangu leo leo, sisubiri Jumatano." Nina miaka 34, nimezaa, nimelazwa, nimeuguza, sijawahi kusikia mtu wa hospitali ananiambia nimekosea. Nilikuwa na hasira naye mpaka stendi. Kwenye daladala zikaisha.

Wiki iliyofuata hakuuliza kitu. Alileta ubao wa drafti, visoda vya Fanta upande mmoja na vya Koka upande mwingine. Mwanangu drafti anaijua, alifundishwa na baba yake kwenye kijiwe cha bodaboda. Binti akapanga visoda kwenye vyumba vyeupe na vyeusi vyote, hovyo kabisa. Nasikia nimekaa kwenye benchi nje, mlango umeegeshwa, sauti ya mwanangu: "Siyo hivyo dada. Kete zinakaa kwenye nyeusi." Kimya. "Unakwenda kwa pembe. Ukifika mwisho unakuwa kingi." Aliongea dakika zaidi ya kumi anamfundisha. Sauti hiyo nilikuwa nimeisahau, alikuwa anaongea vile kabla ya Geita.

Nilimwuliza baadaye kama ilikuwa mbinu. Akacheka akaziba mdomo: "Mama, sijui kweli. Msimamizi kaniambia nilete mchezo ambao mtoto ni bingwa mimi sijui." @Kiboko_wa_Reli, hapo nilikukumbuka.

Drafti kete ni 12 kila upande, na vikao vilikuwa 12. Wakaweka kopo la maziwa ya unga dirishani, kila Ijumaa wakimaliza mtoto anatia kisoda kimoja. Kwa hiyo mwisho aliuona unakuja tangu mbali. Kikao cha nane akaniuliza nyumbani: "Mama, bado vinne?" Akauliza hivyo tu, akaendelea kumenya chungwa.

Mimi nilikuwa na vikao vyangu viwili. Cha kwanza hakuna falsafa: nailoni chini ya shuka, choo kabla ya kulala, maji anywe mchana asibaniwe, akilowa tunabadilisha wote wawili bila hotuba. Na poda nimrudishie, awe na kopo lake. Hilo la poda lilikuwa wazo lake yule binti, nilimsimulia nikiwa nalia. Cha pili tulimpigia baba yake kwa spika, na hapo yule mzee wa sweta akaingia mwenyewe, akasema hiki siwezi kumwachia mwanafunzi. Hakumsema vibaya yule bwana. Alimwambia achague siku moja na saa moja anayoiweza, hata kama ni dakika tano, kuliko kuahidi kila siku. Akachagua Jumapili saa mbili usiku. Mpaka sasa amekosa Jumapili mbili. Jumapili ya pili mtoto alikojoa. Naandika ilivyo.

Kwa sasa anakojoa mara moja au mbili kwa wiki, ilikuwa kila siku. Shuleni bado hanyooshi kidole, ila mwalimu anasema akimfuata karibu anajibu kwa sauti ya chini, na ana rafiki, mtoto wa muuza mkaa.

Kikao cha mwisho binti alimpa kopo na visoda vyote. Mtoto akampa mkono kama mtu mzima, akasema "ahsante dada," akatoka. Aliyelia nilikuwa mimi, na yule binti naye macho mekundu. Kitambulisho chake kilikuwa kimegeuka nyuma mbele, neno MWANAFUNZI halionekani.

Daftari_la_Kijani:

Naomba huyo binti aje asome hapa siku moja. Kuhusu zile Jumapili mbili: siku baba asipopiga mwambie mtoto wewe mwenyewe, mapema, "leo baba hajapiga, na si kosa lako." Asikae macho akisubiri. Na kwa wanaosoma kimya kimya na kwao hali ni mbaya zaidi, namba 116 ya watoto ni bure kupiga.

Upepo_wa_Meru:

Nimemsomea binti yangu, sasa ana 13. Amesema kopo lilikuwa wazo zuri. Zaidi ya hapo hakusema.

Kiboko_wa_Reli:

Mama Kimanga nimenyoosha mikono. Sasa mmepewa nani?

Mama_Kimanga:

Mwanafunzi mwingine! Mkaka safari hii, mzee wa sweta kamleta mwenyewe akamtambulisha wakiwa wote watatu, kabla dada hajaondoka. Tumeanza Ijumaa iliyopita. Vikao 14.

Kiboko_wa_Reli:

Na yeye hajui drafti?

Mama_Kimanga:

Anajua. Kamfunga. Mtoto kanuna njia nzima mpaka Kimanga, ananiambia Ijumaa anabeba visoda vyake, vya yule kaka vimepinda.